Kabla ya kununua lenzi, isome picha iliyokuharibikia

Siku mbili baada ya Idi mpwa wangu alinitumia picha tatu na ujumbe mfupi: "Shikamoo mjomba. Nimebana hela kidogo nataka lenzi nzuri ya picha za familia na za safari. Ninunue ipi?" Kamera yake ni Nikon D5300, na mpaka siku hiyo alikuwa akitumia lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, ile ya 18-55mm (milimita chache huona upana mkubwa, nyingi huvuta cha mbali karibu).

Ukiuliza swali hili mbele ya wapiga picha watano utapata majina ya lenzi saba, na hakuna atakayekuuliza picha zako zina tatizo gani. Mimi nilimjibu, "Marahaba mwanangu. Tuziangalie kwanza hizi ulizonitumia." Zote tatu zilikuwa zimemharibikia, na kila moja kwa sababu yake.

Ya kwanza ilipigwa usiku wa Idi pale nyumbani Tanga. Bibi yake, ambaye ni mama yangu mzazi, amekaa kwenye mkeka sebuleni anamlisha kitukuu chake cha miaka mitatu tonge la pilau. Ni picha ambayo ningetoa chochote iwe imetoka vizuri. Mkono wa mama umekuwa kama moshi, na uso wa mtoto umevutika upande mmoja hadi hujui jicho liko wapi. Ya pili ni ya familia nzima, watu kumi na mmoja sebuleni humohumo, na wa pembeni wawili wamekatwa mabega. Ya tatu ni ya hifadhi ya Mikumi, walikochepuka kutembea wakirudi Dodoma: nyasi nyingi, mti mmoja, na katikati kijidoa cha rangi ya kahawia ambacho mpwa wangu anaapa kuwa ni simba.

Picha ya mama ndiyo yenye mengi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Nilimwambia aikuze na aangalie ukutani, nyuma ya mama. Kuna kalenda imetundikwa pale, na tarehe zake zinasomeka moja moja. Hilo ni jambo kubwa. Kama mikono ya mpiga picha ingetikisika, kalenda nayo ingefifia. Kama fokasi, yaani pale lenzi inapolenga ukali, ingekosea, kitu kimoja kingefifia kwa ulaini wa sawasawa, hakingevutika upande mmoja. Hapa kilichotulia kimetoka safi na kilichosogea kimetoka kama moshi. Maana yake shata, lile pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, ilikaa wazi kwa muda mrefu mno, na ndani ya muda huo mama akasogeza mkono na mtoto akageuza kichwa.

Kila picha ya dijitali hubeba taarifa zake ndani, na ukiifungua kwenye kompyuta au hata kwenye simu utaziona. Yake ilisema: 55mm, f/5.6, 1/15, ISO 1600. Yaani shata ilikaa wazi kwa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde; ISO ni kiasi kamera inavyoukuza mwanga ulioingia, na f tutaifungua hapa chini. Mtoto wa miaka mitatu anasogea sana ndani ya muda huo, hata akiwa anakula.

Kwa nini kamera ilichagua muda mrefu hivyo? Kwa sababu mwanga ulikuwa mdogo na tundu la lenzi lilikuwa dogo. Macho yetu huzoea giza haraka, ndiyo maana sebule yenye taa moja huonekana imewaka vizuri. Lakini ukipima, mwanga wa sebule ya usiku unaweza kuwa hafifu mara elfu moja kuliko jua la mchana nje. Lenzi ileile iliyopiga vizuri barazani saa nane mchana inahangaika sebuleni saa mbili usiku.

Hapa inafaa tuifungue ile namba ya f, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Namba hiyo ni jibu la hesabu ya kugawanya: urefu wa fokasi wa lenzi, ule unaoandikwa kwa milimita, ugawe kwa upana wa tundu linaloingiza mwanga. Lenzi ikiwa 50mm na tundu lina upana wa milimita 28 hivi, hiyo ni f/1.8. Tundu likibanwa hadi milimita 9, inakuwa f/5.6. Ndiyo maana namba ikiwa ndogo tundu linakuwa kubwa, kama vile nusu ya mkate ilivyo kubwa kuliko robo ingawa mbili ni ndogo kuliko nne. Na kwa kuwa tundu ni duara, upana ukiongezeka mara tatu na kidogo eneo lake linaongezeka karibu mara kumi. Hiyo mara kumi ndiyo tofauti ya mwanga kati ya f/5.6 na f/1.8.

Sasa rudi kwa mama kwenye mkeka. Tundu lingekuwa f/1.8, mwanga uleule na ISO ileile, shata isingehitaji 1/15. Ingefunga kwa 1/150 hivi. Mkono unaopeleka tonge ungeonekana na punje zake za wali.

Lenzi zinazofungua hadi f/1.8 kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifikia karibu zote hazina zumu. Zina umbali mmoja tu; ukitaka karibu unasogea, ukitaka mbali unarudi nyuma. Mtu aliyezoea zumu huona kama amepunguziwa kitu, lakini kwa picha za ndani ya nyumba ndizo ninazozipendekeza bila kusita. Ni nyepesi pia. Ile ya Nikon ya 35mm f/1.8G, iliyotengenezwa kwa kamera za sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha badala ya filamu) kama ya mpwa wangu tangu mwaka 2009, ina gramu 200 tu.

Na kituliza mtikisiko je? Nikon wanakiita VR, Canon IS, Sony OSS, na wauzaji hukitaja kana kwamba kinatibu kila ukungu. Kinachotulizwa ni mikono ya mpiga picha. Mtoto anayegeuka hakimgusi. Lenzi ya mpwa wangu inacho, na ndicho kilichoifanya kalenda isomeke.

Kuna mambo mawili ya kujaribu kabla ya kutoa hela. La kwanza, pandisha ISO. Kutoka 1600 kwenda 6400 unaongeza mara nne, na 1/15 inakuwa 1/60. Picha itakuwa na chengachenga, lakini chengachenga kwenye uso ulio wazi navumilia; uso uliofutika siwezi kuurudisha. La pili ni flashi ya nje inayogeuzwa kichwa ikamulika dari jeupe, mwanga ukarudi chini umelainika. Kwenye nyumba yenye dari jeupe lisilo juu sana inafanya kazi nzuri ajabu. Nyumba ya mama ina dari la mbao lililotiwa vanishi, mwanga wote unarudi wa rangi ya chai, kwa hiyo hilo kwetu halikufaa.

Basi 35mm au 50mm? Ushauri unaotembea siku zote ni "anza na 50mm f/1.8", na hapo ndipo watu wengi hukosea, hasa wenye kamera kama ya mpwa wangu. Ushauri huo ulizaliwa enzi za filamu ya milimita 36 kwa 24, ambako 50mm huona upana wa kawaida, si mpana wala mwembamba. Sensa ya D5300 ina upana wa milimita 23.5 tu. Lenzi inatupa taswira ileile, ila sensa ndogo inachukua kipande cha katikati na kuacha pembeni, kama ukiweka fremu ndogo juu ya picha kubwa. Matokeo yake 50mm inaona kama 75mm ya filamu. Kwenye kamera za Canon zenye sensa ndogo, kipimo ni 1.6 badala ya 1.5, inakuwa 80mm.

Mtu akisikia hivyo bado hajui itamfaa au haitamfaa, kwa hiyo mimi hutumia hesabu ya sebule. Chukua upana wa sensa, zidisha kwa umbali uliosimama, gawanya kwa milimita za lenzi. Sebule ya mama, ukisimama mgongo ukutani, una mita 3 hadi kwenye mkeka. Kwa 50mm utaona upana wa mita 1.4: mama na mtoto, basi. Akija shangazi kukaa pembeni anakatwa. Kwa 35mm utaona mita 2, yaani mkeka, sinia, mama, mtoto na mtu mmoja zaidi. Kwa 18mm utaona karibu mita 4. Pima chumba chako mwenyewe kwa hatua, fanya hesabu hiyo, na utajua zaidi ya wengi wanaotoa ushauri.

Ipo njia rahisi zaidi. Lenzi ya 18-55 unayo tayari. Izungushe hadi 35, usiiguse tena, upige nayo Jumamosi nzima. Wiki inayofuata iweke 50. Utasikia mwenyewe wapi unabanwa. Halafu fungua picha zako mia za mwisho unazozipenda, uhesabu nyingi zilipigwa kwa milimita ngapi. Mpwa wangu alihesabu. Za familia nyingi ziliangukia kati ya 28 na 40. Hakuwa amewahi kujua.

Hii haimaanishi 50mm ni mbaya. Kwa picha ya uso wa mtu mmoja, nje barazani, jioni jua likilala, kwenye sensa ndogo ni lenzi tamu kweli: sura inatoka kwa uwiano mzuri na nyuma kunalainika. Ila nyumba zetu ni ndogo na familia zetu ni kubwa.

Kuna jambo moja la f/1.8 ambalo hushtua wanunuzi wapya. Tundu likiwa kubwa, sehemu inayotoka kwa ukali inakuwa nyembamba. Kwa 50mm kwenye kamera hii, ukimpiga mtu aliye mita 2 kwa f/1.8, una kama sentimita 11 tu za ukali, mbele na nyuma ya hapo kunafifia. Mama akiwa ameegemea nyuma na mtoto ameinama mbele, mmoja atakosa. Kwa 35mm umbali uleule unapata mara mbili ya hapo. Kwa hiyo watu wawili ninapiga f/2.8, na kundi f/4 au f/5.6 kama mwanga unaruhusu. Watu hurudisha lenzi dukani wakisema haina ukali, kumbe walipiga harusi nzima kwa f/1.8.

Picha ya pili, ya watu kumi na mmoja, haikuhitaji lenzi. Mpwa alikuwa tayari kwenye 18mm. Angeweza kununua lenzi pana zaidi, ipo ya Nikon ya 10-20mm, lakini lenzi pana sana huwavuta walio pembeni wakanenepa vichwa na mabega, na hao ndio watakaoikataa picha. Wapange watu mistari miwili, wazee wakae mbele, watoto chini, au mtoke wote barazani. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe Unguja lenzi pana ina kazi, kwa milango na kuta ndefu zilizobanana. Ila simu nyingi siku hizi zinaona upana unaokaribiana na ule wa 18mm kwenye kamera hii, na mchana wa jua simu inatosha kabisa kwa picha ya mlango. Hela ya lenzi pana ningeiweka mwisho.

Simba wa Mikumi ni habari nyingine. Hapo mwanga ulikuwapo wa kutosha. Kilichokosekana ni urefu. Hifadhini huruhusiwi kushuka kwenye gari ukamsogelea mnyama, kwa hiyo ile kanuni ya "sogea kwa miguu" inakufa. Hesabu ya sebule inafaa huku pia. Simba akiwa mita 50, kwa 55mm fremu yako ina upana wa mita 21. Mwili wa mita 2 hivi ndani ya mita 21 ni moja ya kumi ya picha. Ndiyo kile kijidoa. Kwa 200mm fremu inakuwa na upana wa karibu mita 6, kwa 300mm karibu mita 4. Kwa 300mm simba anajaza nusu ya picha, na masharubu yake utayaona.

Kwa safari za namna hiyo zumu ndefu na nyepesi, kama 55-200, 55-300 au 70-300, zinatosha familia. Ni kweli zinafika f/5.6 au zaidi kwenye ncha ndefu, na ungekuwa sebuleni zingekutesa, lakini asubuhi ya jua porini haidhuru. Zile nene za 70-200 f/2.8 zinakaribia kilo moja na nusu. Anayepiga harusi kwa kulipwa anazihitaji. Mama mwenye mtoto mmoja mgongoni na begi la nguo mkononi ataiacha nyumbani safari ya pili, na lenzi iliyoachwa nyumbani haina faida. Zima injini ya gari, weka mfuko mdogo wa mchele kwenye kingo ya dirisha, laza lenzi juu yake. Na nenda alfajiri. Saa sita mchana hewa ya joto inachezacheza juu ya nyasi, na mnyama wa mbali hatoki kwa ukali hata kwa lenzi ya bei gani.

Wapo watakaokuambia ununue moja inayofanya yote, kama 18-200 au ile ya Tamron ya 18-400 ya mwaka 2017. Kwa vumbi la safari, kutobadilisha lenzi ni faida ya kweli, siibezi. Lakini hiyo ya Tamron ina gramu zaidi ya 700, na usiku wa Idi itakurudisha palepale kwenye f/5.6. Katikati ya hizo zote zipo 17-50mm f/2.8 za Sigma na Tamron, ambazo kwa 50mm zinaingiza mwanga mara nne ya lenzi ya boksi. Mtu anayetaka moja tu, asiyetaka kabisa kuishi bila zumu, ningempa hiyo.

Sasa kununua kwenyewe, hasa ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumika. Niliwahi kununua 50mm f/1.8D dukani kwa muuzaji aliyenihakikishia kuwa "inaingia Nikon zote". Kuingia iliingia. Lakini lenzi za Nikon za kundi la D zisizoandikwa AF-S hazina mota ya kuendesha fokasi ndani. Zinategemea mota iliyo kwenye kamera, na kamera za familia za D3000 na D5000, ikiwemo D5300, zote hazina. Nilikaa na lenzi isiyoshika fokasi yenyewe. Kwa kamera hizo tafuta herufi AF-S, au AF-P kama kamera yako inaikubali, kwani za zamani haziikubali. Na kama unafikiria siku moja kuhamia kamera za Nikon Z, zile zisizo na kioo cha kuakisi ndani zilizoanza 2018, AF-S itaendelea kushika fokasi kupitia adapta ya FTZ. Za D zisizo na mota hazitashika.

Ukiishika lenzi dukani, ondoa vifuniko vyote viwili na uwashe tochi ya simu upande mmoja, uchungulie upande wa pili. Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, hewa yetu ina unyevu, na kuvu huota ndani ya vioo. Huonekana kama utando wa buibui au mizizi midogo inayotambaa kutoka ukingoni. Ukiiona, rudisha, hata kama bei ni ya kutupa. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hausumbui sana kama watu wanavyodhani. Angalia pia visu vya tundu, vile vipande vyembamba vinavyolibana, visiwe na mafuta, zungusha pete ya fokasi usikie kama kuna mchanga unaosaga, kisha iweke kwenye kamera yako mwenyewe, piga gazeti lililobandikwa ukutani, kwa tundu lililo wazi kabisa, uikuze picha hapohapo. Muuzaji anayekunyima dakika kumi za kufanya hivyo, mwachie lenzi yake.

Ukifika nayo nyumbani pwani, usiifungie kwenye begi la ngozi ndani ya kabati. Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu, na uitoe kuitumia mara kwa mara. Ufukweni ukishika mchanga, puliza kwanza kwa kipulizia cha mpira. Ukifuta kwa shati mchanga ule ndio unaokwaruza.

Mpwa wangu alinunua 35mm ya mkononi. Zumu ndefu hakununua, anakwenda Mikumi mara moja kwa mwaka, nikamwambia atachukua yangu ya 70-300 akija. Lenzi pana hajaigusa. Mwezi uliopita alikwenda tena Tanga, na saa tatu usiku simu yangu ikalia. Mama yuko jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi, mtoto amesimama pembeni ameweka kiganja kwenye bega lake. Taa ni moja tu, kama sebuleni. Nikafungua taarifa: 35mm, f/2.2, 1/125, ISO 2000. Nazi inayoanguka kwenye bakuli imefifia kidogo, mkono wa mama pia kidogo. Uso wake umetoka wote, na mvi zile za juu ya sikio la kushoto ambazo huwa zinaponyoka kwenye mtandio.